Aliyeupamba Mkakasi Ni Nani?

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hutumiwa sana kuwasema wanawake wazuri, hasa wenye majina makubwa. Lakini mkakasi haukujipamba wenyewe. Yupo fundi aliyeuchonga na kuutia nakshi. Kwa mtu mashuhuri, fundi huyo ni vyombo vya habari.

Tumtazame Esther Kamatari, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1951 katika ukoo wa Mwami Mwambutsa wa Nne. Baba yake aliuawa mwaka 1964, na mwaka 1966 ufalme ukaondolewa. Mwaka 1970 alihamia Paris, akawa mwanamitindo. Husemwa kuwa ndiye mweusi wa kwanza kufanya kazi hiyo Ufaransa. Hata hivyo hakutajwa kwa urembo tu, bali aliitwa pia "binti mfalme". Jina hilo lilimpa madaha kabla msomaji hajaiona picha yake.

Hapa Gitega, penye makumbusho yanayohifadhi kumbukumbu za ufalme, jina hilohilo lina uzito mwingine. Kumtaja mtu wa ukoo wa waganwa ni kukumbuka nani alitawala na nani aliuawa. Wanahabari wa mitindo walichukua pambo, msiba wakauacha.

Hasara yake ilionekana alipotaka kugombea urais katika uchaguzi wa 2005. Habari nyingi zilitanguliza uanamitindo wake, sera zikafuata nyuma. Msikilizaji wa Muyinga anayemsikia mgombea redioni hana picha ya kumshughulisha. Hubaki na hoja, azikubali au azikatae. Msomaji wa gazeti lenye picha huanza na sura, na mara nyingi huishia hapo. Kisha ndiye wa kwanza kusema: ndani kipande cha mti!

Wapo watakaosema kwamba mwenyewe alilitumia jina hilo, maana kitabu chake cha 2001 kinaitwa Princesse des rugo. Ni kweli. Lakini tusome jina zima: rugo ni boma la nyumbani kwetu, si kasri. Yeye aliyaweka maneno mawili. Waliomsifu wakabeba moja.

Sisi wanafunzi wa lugha tunajua kuwa urembo ni wa kujipamba, na uzuri huingia hadi tabia na matendo. Basi tunapoandika juu ya mwanamke mashuhuri, tuanze na alilosema na alilotenda. Sura yake haihitaji msaada wetu.