Pua ya Mhusika: Mwandishi Anayejichorea na Msomaji wa Kinama

Kiswahili, kama Kirundi, humruhusu mhusika kuishi kurasa nyingi bila kutajwa jinsia wala umbo. Kiambishi a- hutosha. Mwandishi huru anayewachora wahusika wake mwenyewe kwa kompyuta huupoteza uhuru huo pindi anapoanza kuchora uso. Kwingineko hasara hiyo ni ya kiujumi tu. Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, ni zaidi ya hapo: baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mitaa ya mji iligawanyika kikabila, na pua au kimo viliweza kuamua nani apite na nani asipite.

Gaël Faye aliligusa jambo hili katika Petit Pays (2016), riwaya ambamo mtoto anaelezwa kwamba watu wanapigana kwa sababu ya pua. Katika nathari, neno “pua” halina urefu. Riwaya ilipogeuzwa kuwa hadithi ya picha mwaka 2024, mchoraji Sylvain Savoia alilazimika kuipa pua hiyo urefu. Jean-Philippe Stassen, aliyeandika na kuchora mwenyewe Déogratias (2000) kuhusu Rwanda, alipita njia nyingine: kijana wake hugeuka mbwa, na uso unaotafutwa humponyoka msomaji.

Dai kwamba mchoro hukamilisha maandishi ni jepesi mno. Kwa msomaji wa Kinama, mchoro hujibu swali ambalo mwandishi huenda alilikwepa kwa makusudi. Hata hivyo, mchoro wa kidijitali una faida ambayo wino hauna: tabaka la uso laweza kuzimwa, mhusika akabaki na kisogo, mavazi na mwendo.