Juu ya Habari za "Je, Wajua?"

Habari fupi za ajabu, zile zitangulizwazo na maneno "Je, wajua?", zimeenea sana magazetini na katika kuta za madarasa. Hatukatai kwamba zina faida, kwa kuwa humwamsha mwanafunzi aliye mzito na kumtia hamu ya kuuliza. Lakini twaona zina kasoro moja kubwa: hupokewa kwa utamu wake, wala hazipimwi kwa ukweli wake.

Na tutwae mfano ujulikanao sana huku kwetu. Husemwa ya kwamba mpaka wa Tanzania na Kenya umepinda penye Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm II, mlima ule uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Habari hii yaanguka mara ilinganishwapo na tarehe. Mpaka huo ulipatanwa na serikali za Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, na wakati ule Kaisari alikuwa Wilhelm I. Mjukuu huyo hakurithi kiti ila mwaka 1888. Tena, mwaka 1885 Karl Jühlke, mtu wa Carl Peters, alikuwa amekwisha kufanya mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, na Wajerumani waliutegemea mkataba ule katika kuudai mlima. Basi mstari ukatoka mdomo wa mto Umba, ukauzunguka mlima upande wa kaskazini, ukaishia ziwa Victoria.

Sasa tulinganishe na habari ya pili ya mlima huo huo. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari, aliona theluji kileleni, karibu na ikweta. W. D. Cooley, mtaalamu wa jiografia huko London, ambaye hakupata kufika huku, alimkanusha. Lakini kiongozi wa safari ya Rebmann aliijua ile nyeupe, akaiita "baridi" tu. Hivyo neno la kweli lilikataliwa kwa kuwa ni geni, na neno la uongo likakubaliwa kwa kuwa ni tamu.

Wako watakaosema kwamba ngano ya zawadi haina madhara. Sisi hatukubali. Ngano hiyo humfanya mwanafunzi acheke habari ya bibi na mjukuu, asiulize kwa nini nchi iligawanywa pasipo shauri la wenyewe. Barabara ipitayo hapa Sakina yaelekea Namanga, na huko mstari wa 1886 ungalipo, nao Wamasai wako pande zake zote mbili.

Kwa hiyo yatupasa sisi walimu, kabla ya kubandika habari ya namna hii ukutani, kuuliza mambo matatu: ni nani asemaye, ni mwaka gani, na wenyeji wasemaje. Habari ikistahimili maswali hayo na ifundishwe, hata ikiwa haina utamu.