Basilika ya Maxentius: Nimeingia, Shingo Bado Inauma

Jamani, jamani! Picha nilishaziona nyingi, nikajiona mjuzi. Kumbe sijui kitu. Nimefika Roma, nikaipita Forumu, uwanja wa kale wa Warumi, nikainua uso: matao matatu, kila moja lingemeza nyumba ya ghorofa sita bila kutafuna.

Na huo ni ubavu mmoja tu! Ukumbi wa kati, wenye urefu wa mita 80 na dari lililopaa takribani mita 35, ulishaangushwa na matetemeko ya ardhi. Mimi nimehemewa na mabaki.

Tukisikia basilika, wengi wetu tunawaza kanisa. Kwa Warumi ilikuwa nyumba ya shughuli za mji: hakimu huku, wadai na wadaiwa kule, wafanyabiashara wakivutana bei. Wakristo walikuja kuliazima umbo hilo baadaye. Hebu fikiria kesi ya deni inasikilizwa chini ya dari kama lile! Hata shahidi wa uongo angemeza mate.

Kaisari Maxentius aliianza mwaka 308. Mwaka 312 mpinzani wake Konstantino akamshinda kwenye Daraja la Milvio, akaimalizia, kisha akaweka humo sanamu yake mwenyewe. Kichwa chake, kirefu kuliko mtu mzima, kimehifadhiwa Makumbusho ya Capitolini. Huko ndiko kuvaa nguo ya mwenzio na kuringa nayo!

Sogea chini ya tao, tazama juu: vishubaka vya pembe nane, safu kwa safu. Si urembo mtupu. Kila kishubaka kinapunguza uzito wa zege. Zege la chokaa na majivu ya volkeno, halina nondo, na limesimama zaidi ya miaka 1,700!

Marumaru usiyatafute, yamebanduliwa. Kati ya nguzo nane kubwa imesalia moja, nayo tangu mwaka 1614 iko mbele ya kanisa la Santa Maria Maggiore. Lakini uhai haukukatika: Olimpiki ya 1960 wanamieleka walipambana humu humu, na jirani tu, kwenye Tao la Konstantino, Mwethiopia Abebe Bikila alimaliza marathoni akiwa peku.

Nikataka picha ya matao yote matatu. Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mpaka kisigino kikagota kisiki cha nguzo. Yameingia mawili.