Paukwa Isiyo na Pakawa: Hadithi ya Jadi Katika Riwaya ya Elias Khoury

Imekuwa desturi katika uhakiki wetu kwamba, atajwapo mtunzi aliyechanganya fasihi simulizi na riwaya ya kisasa, mhakiki huanza kuhesabu: methali ngapi, ngano ngapi, vianzio vingapi vya hadithi. Hesabu hiyo ina faida yake, lakini hailigusi swali lililo kuu, nalo ni hili: simulizi ya jadi yafanya kazi gani ndani ya riwaya? Nakusudia kulijibu kwa kuitazama Bab al-Shams, yaani Mlango wa Jua, riwaya ya Kiarabu iliyotolewa Beirut mwaka 1998. Mtunzi wake, Elias Khoury, alizaliwa katika mji huo mwaka 1948, akafariki mwaka 2024.

Katika kambi ya wakimbizi wa Kipalestina ya Shatila, kusini mwa Beirut, mzee Yunis, mpiganaji wa zamani, amelala hospitalini hajitambui. Khalil, mwuguzi ambaye watu humwita daktari, huketi kando ya kitanda na kumsimulia: habari za vijiji vya Galilaya vilivyopotea mwaka 1948, na habari za Yunis mwenyewe, aliyekuwa akivuka mpaka kwa siri ili aonane na mkewe Nahila katika pango walilolipa jina la Mlango wa Jua. Khalil anaamini kwamba maadamu hadithi inaendelea, mzee hatakufa.

Msomaji wa Alfu Lela Ulela atamtambua Shahrazad mara moja. Lakini Khoury hakumwiga Shahrazad, amempindua. Shahrazad asimulia ili aokoe roho yake mwenyewe, naye anaye msikilizaji mwenye shauku ya kujua yaliyofuata. Khalil asimulia ili aokoe roho ya msikilizaji, na msikilizaji huyo hana dalili ya kusikia. Hata hivyo wema wake si mtupu, kwani mwenyewe amejificha hospitalini akiogopa kisasi cha jamaa za Shams, mwanamke aliyempenda na ambaye ameuawa.

Katika mikahawa ya Damascus na Cairo, msimulizi wa visa vya Antara au vya Banu Hilal aliwategemea watu wa kumshangilia, kumkatiza na kumdai aendelee. Kwetu pia, asemaye "Paukwa" hungoja "Pakawa". Bila jibu hilo hadithi haina ruhusa ya kuanza. Khalil asema Paukwa kwa muda wa miezi, asijibiwe. Kwa kuwa hapana wa kumsahihisha, hana budi kujisahihisha: atoa kisa, akitilia shaka, kisha akitoa tena kwa sura nyingine. Mvurugiko wa wakati na wingi wa matoleo ya kisa kimoja, mambo ambayo tungefanya haraka kuyaita athari ya riwaya ya Ulaya, ni matokeo ya hadithi ya jadi iliyonyimwa hadhira yake. Na hadhira hiyo haikutoweka yenyewe. Ilitawanywa mwaka 1948. Hivyo fani hapa ni historia.

Jadi yenyewe nayo yahojiwa. Yunis yu karibu kuwa Antara mpya, hadi usiku ule chini ya mzeituni, Nahila anaposhika usemi na kumweleza mumewe maisha asiyoyajua: umaskini, malezi ya watoto, na kuhojiwa na askari, ambao mbele yao aliona heri ajiite kahaba kuliko kukiri kwamba mimba ni ya mumewe. Utendi wavunjwa na mke wa shujaa. Kadhalika Umm Hassan, mkunga ambaye kifo chake ndicho kinachofungua kitabu, alikwenda kuitazama nyumba yake ya zamani, akamkuta humo mwanamke wa Kiyahudi, mzaliwa wa Beirut, anayeulilia mji ule ule ambao Umm Hassan anaishi kama mkimbizi.

Dosari ipo. Sauti zote hizi hutufikia kupitia kinywa cha Khalil, na mara nyingine wanawake wanasema kwa lafudhi moja, iliyo yake. Huenda mtu akajibu kwamba hata msimulizi wa jadi alikuwa na kinywa kimoja. Ni kweli, lakini yule alijua kubadili sauti.

Mwishowe Yunis afariki. Hadithi haikumwokoa. Je, jadi imeshindwa? Sidhani. Khoury alitumia miaka akisikiliza na kukusanya visa vya wakimbizi katika kambi kabla ya kuandika. Yaani kabla ya kuwa msimulizi, alikuwa msikilizaji, akakifanya kile ambacho Yunis hakuweza kukifanya. Funzo kwa uhakiki wetu ni kwamba tunapokutana na ngano ndani ya riwaya, tusiulize tu imetoka wapi. Tuulize pia waliokuwa wakiiitikia wako wapi sasa, na nani amewaondoa barazani.