Neno Lililozama: Uhakiki wa Albamu ya Loveless

Uhakiki wa nyimbo katika idara za fasihi umezoea kuanza na maneno. Wimbo hunakiliwa karatasini, mishororo ikahesabiwa, dhamira zikabainishwa, na mhakiki akaridhika kwamba kazi imekwisha. Loveless, albamu ya kundi la My Bloody Valentine iliyotolewa na kampuni ya Creation nchini Uingereza mnamo Novemba 1991, inautia utaratibu huo mashakani. Maneno yamo na yameimbwa, lakini msikilizaji huambulia silabi chache tu, tena kwa kubahatisha. Je, neno lisilosikika lina nafasi gani katika maana ya wimbo?

Swali hili si geni kabisa kwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili. Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, uhusiano wa shairi na uimbaji umezua mabishano makali kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Hata hivyo, pande zote mbili, katika kugombania vina na mizani, zilichukulia kwamba neno lenyewe litasikika. Loveless inaondoa dhana hiyo.

Kundi hili lilianzia Dublin mwaka 1983. Albamu yenyewe ina nyimbo 11 na ilirekodiwa kwa muda wa miaka miwili hivi katika studio nyingi, hasa za London. Gharama zake zimezungumzwa kupita kiasi. Lililo muhimu ni mbinu. Kevin Shields, kiongozi wa kundi, hupiga nyuzi huku ameshika mkono wa chuma uliofungwa kwenye gitaa, hivyo kidatu hupanda na kushuka kidogo bila kutulia. Wengi hudhani wanasikia makumi ya magitaa yaliyorundikwa pamoja. Shields amelikanusha hilo: magitaa ni machache kuliko inavyodhaniwa. Ukungu unaosikika basi hautokani na wingi wa ala bali na kuyumba kwa kidatu, na sikio hukosa mahali pa kusimama.

Ndani ya kuyumba huko ndimo ilimowekwa sauti ya Bilinda Butcher. Katika muziki wa roki wa kawaida mwimbaji hutangulizwa na ala zikamfuata. Hapa sauti yake imeshushwa ikawa ala miongoni mwa ala. Butcher ameeleza kwamba mara nyingi aliamshwa usingizini ili arekodi, na uzito huo wa usingizi unasikika: konsonanti zimelegea, zimebaki irabu. Mfano bora ni "To Here Knows When", ambamo hata ngoma zinakaribia kutoweka. Mhakiki atakayeleta maneno yaliyoandikwa ili kuufafanua wimbo huo atakuwa amerejesha kile ambacho wimbo wenyewe umekwisha kukiyeyusha.

Lipo pingamizi zito. Yawezekana huku ni kumnyamazisha mwanamke kwa njia nyingine, kwani Shields ndiye aliyeitawala studio na kupiga takriban magitaa na besi yote, huku Debbie Googe, mpiga besi wa kundi, akiwa hakupiga chochote katika albamu hii. Wanaoisifu Loveless huipita hoja hii kwa haraka mno. Ni kweli kwamba Butcher alishiriki kutunga maneno ya nyimbo kadhaa, na kwamba sauti ya Shields nayo imezamishwa: katika "When You Sleep" sauti zilizorekodiwa mara nyingi zimepandanishwa hata jinsia ya nafsineni ikawa vigumu kutambulika. Lakini usawa huo uko masikioni tu. Uamuzi wa nani azamishwe, na kwa kiasi gani, ulibaki mikononi mwa mtu mmoja.

Ingewezekana kuhitimisha kwamba, kwa kuwa maneno hayasikiki, yangeweza kuachwa kabisa. Albamu yenyewe inalikataa hitimisho hilo. "Touched", kipande kisichofika dakika moja kilichotungwa na mpiga ngoma Colm Ó Cíosóig, hakina uimbaji wowote. Sauti zake zinavutia na kuyumba kwake ni kulekule. Lakini msikilizaji hafanyi tena ile kazi ya kutegea sikio akitafuta neno, wala hapati lile fadhaiko la kulikosa. Wimbo unaofuata unapoanza na sauti ya mtu kurejea, kazi hiyo huanza upya mara moja, ingawa hakuna neno lililoeleweka.