Mabao Tunayasimulia, Hadithi Tunaiacha

Leo nataka kuchokoza kidogo. Sisi vijana tunaojifunza kuandika hulalamika kwamba hatuna visa, na jioni hiyohiyo tumekaa kijiweni tunasikiliza wazee wa mpira wakitoa visa vizito kuliko riwaya nyingi nilizosoma. Ubaya ni kwamba wanavisimulia vibaya, na sisi tunaiga ubaya uleule.

Chukua 1979. Sikuwa nimezaliwa, lakini kisa nimekisikia hadi nimekikariri. Klabu Bingwa Afrika, Simba wanafungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapahapa Dar es Salaam. Marudiano Zambia, Simba wanashinda 5-0. Jumla 5-4, wamepita! Msimulizi akifika hapo anapiga meza, anawataja akina Thuwein Ally na George Kulagwa, watu wanashangilia, basi, kisa kimekwisha. Mimi nauliza: na zile siku za katikati je? Mtu aliyepigwa manne kwao alipita njia gani kwenda sokoni? Nyumbani walimwangaliaje? Alipofunga begi la safari aliamini kitu gani? Hapo ndipo penye riwaya. Bao la tano ni sentensi moja tu.

Sasa weka 1993 pembeni yake. Fainali ya Kombe la CAF, Simba wametoka sare 0-0 na Stella kule Abidjan. Watu wakaona kombe limeshafika. Marudiano Uwanja wa Taifa, Rais Mwinyi yupo jukwaani, Simba wanalala 2-0. Ni kisa cha 1979 kilichogeuzwa kichwa chini miguu juu, lakini hiki husimuliwa kwa kutafuta mchawi: nani alizembea, nani alihujumu. Mchawi akishapatikana, hadithi imekufa, maana hakuna anayeuliza tena.

Mjomba wangu ni Simba damu, na siku ile alikuwepo uwanjani. Miaka yote amenipa lawama hizohizo. Juzi nikambana: "Mjomba, filimbi ilipolia, wewe ulifanya nini?"

Akanyamaza kidogo. "Nilikaa, mjomba. Asubuhi nilikuwa nimeacha hela ya pilau, tuje kusherehekea. Nikaona haya kurudi nikute imeiva."

"Ukarudi?"

"Nikarudi usiku. Tukala. Hakuna aliyesema neno."

Jamani, miaka yote hiyo nilikuwa nasimuliwa kuhusu mabeki, kumbe mtu ana sahani ile ya pilau kifuani!

Na wewe mwana Yanga usicheke. Mwaka 2023, fainali ya Kombe la Shirikisho, mlifungwa 2-1 na USM Alger hapa Dar, mkaenda kushinda 1-0 Algiers, na kombe mkalikosa kwa sheria ya bao la ugenini. Mmeshinda, na mmekosa. Hebu mtu aniandikie safari ya kurudi ya mchezaji aliyeshinda mechi akapoteza kombe. Sijaisoma bado.

Siwasemi wengine tu. Nina mswada wangu ambao shujaa anafunga dakika ya 90, uwanja unalipuka, mwisho. Nimeuandika upya mara tatu. Rafiki yangu aliusoma akaniambia, "Hii ni taarifa ya michezo, bwana." Nilimnunia wiki nzima. Alikuwa na haki. Nilidhani mwaka wa kukumbukwa ni ule wenye bao, nikasahau kwamba matokeo kila mtu anayajua kabla hajafungua kitabu changu. Asichokijua ni ile pilau.

Bao nimelikata. Sura ya kwanza sasa inaanzia jikoni, mpira unasikika redioni kwa mbali. Sijui kama itafaa. Ila aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 leo ameshavuka 60. Mwandishi mwenzangu, kamwulize sasa, na usimwulize nani alifunga.