Zilizopendwa: Zilipendwa na Nani, na kwa Nini?

Nyimbo za dansi za miaka ya sabini na themanini zimepewa jina moja humu nchini: zilizopendwa. Tukilichanganua jina hili jinsi tunavyowafunza wanafunzi, tunapata kiambishi cha ngeli, -li- ya wakati uliopita, kirejeshi -zo- na kauli ya kutendwa. Mtendaji hatajwi. Nani alizipenda, na alizipendea nini? Makala haya yanashikilia kwamba pengo hilo ndilo linalowapotosha wanaozitumia nyimbo hizi kuukashifu muziki wa vijana.

Dai lenyewe si geni katika vyumba vya walimu: ati nyimbo za zamani zilifunza maadili, za leo ni kelele na matusi. Hebu tulipime kwa "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyojitenga na Simba Wanyika jijini Nairobi mwaka wa 1978. Wimbo huu huchezwa hata arusini, wazee na watoto wakiitikia. Lakini unasema nini? Nafsineni anajitetea mbele ya mtu aliyemkasirikia kiasi cha kutaka kumuua. Hakani tendo lolote. Anachosema ni kwamba kila mmoja wao ana wake nyumbani, na huyo wanayemgombania si wa yeyote kati yao. Hapa hapana mawaidha. Pana kinaya: anayetangaza kuwa hana makosa ndiye anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Aidha, huyo wa tatu hana jina wala kauli. Anaonyeshwa kwa kiashiria tu. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuyajadili haya chini ya dhamira, wahusika na jinsia, mradi mwalimu asimwambie mapema kwamba wimbo ni mzuri kwa kuwa ni wa kale.

Yafaa pia tukumbuke mchujo wa wakati. Santuri zilizotolewa enzi hizo zilikuwa nyingi; zinazorudiwa redioni ni chache. Kuzilinganisha hizo chache na kila wimbo unaotolewa leo ni kulinganisha mchele uliopetwa na mpunga ulio shambani.

Hata hivyo, hamu hii haifai kupuuzwa. Kuna kitu halisi kinachoililiwa, nacho ni utendaji. Waimbaji na wapiga magitaa waliwaona wachezaji ana kwa ana. Wimbo ulianza taratibu kwa maneno, kisha magitaa yakashika usukani na miguu ikafanya kazi. Ukumbini, sehemu hiyo ya pili iliweza kurefushwa kulingana na ari ya hadhira. Kwenye santuri ndogo, wimbo ulikatwa vipande viwili, kimoja kila upande, kwa sababu ya nafasi. Kwa hivyo sisi tuliozaliwa baadaye tunatamani kivuli cha wimbo, kwani mwili wake hatukuuona.

Kosa lilo hilo hutokea darasani tunapoandika maneno ya wimbo ubaoni, tukatafuta takriri na vina, kisha tukadai tumefunza fasihi simulizi. Fanani yuko wapi? Hadhira inafanya nini? Ni heri mwalimu acheze wimbo wenyewe, awaulize wanafunzi ni wapi sauti inanyamaza ili gitaa lijibu, na ni wapi msikilizaji anaalikwa kuitikia. Kisha auchukue wimbo wanaoupenda wao, aulize maswali yale yale, bila kupunguza makali upande wowote.

Tusipofanya hivyo, tutawafunza kusifu wasichokielewa na kudharau wanachokijua. Walioitikia "Tafsiri Hii" ya Kalamashaka wa Dandora mwishoni mwa miaka ya tisini sasa ni wazazi, nao wameanza kuulilia muziki wa ujana wao. Nyimbo za wanafunzi wetu nazo zitaitwa zilizopendwa siku moja. Kazi ya uhakiki ni kuwawezesha kueleza, wakati huo, walizipendea nini.